Okidi ya Kinyozi

Mke wa kinyozi alirudi na mmea Jumapili alasiri, ndani ya mfuko wa karatasi aliokuwa ameupakata njia nzima. Kinyozi alipochungulia ndani aliona majani manne tu, mapana na mazito, pamoja na mizizi ya kijivu iliyomwagikia nje ya chungu cha plastiki.

"Hiki ni nini?"

"Okidi. Imetoka kwa mwanao."

Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kama alivyozoea siku ambazo duka limefungwa, gazeti la juzi likiwa mapajani. Miezi kumi na minne ilikuwa imepita tangu binti yao aondoke kwenda kufanya kazi kwenye shamba la maua, na katika miezi hiyo baba na mwana hawakuwa wamepeana hata salamu. Kabla ya hapo binti alinyoa kwenye kiti cha pili, humo humo dukani, na baadhi ya wateja walikuwa wameshaanza kumngoja yeye hata kama kiti cha baba yake ki wazi. Siku aliyoaga, kinyozi alimwambia mbele ya watu watatu waliokuwa kwenye benchi, "Nenda. Lakini kiti hicho hakitakungoja." Wiki iliyofuata alikifungua, akakiuza. Sakafuni yalibaki mashimo manne ya skrubu. Kila alipofagia, nywele za wateja ziliingia mle, na yeye aliinama kuzichokonoa kwa ncha ya kitana.

"Amesema nini?" aliuliza mwishowe.

Mkewe alivua viatu kwanza. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa nyuma ya pazia lililotenga duka na nyumba, na miaka mingi ya kusikiliza watu bila kuwaona ilikuwa imemfundisha kutoharakia kujibu.

"Amesema umwagilie mara moja kwa wiki, maji yachuruzike yote. Usiuweke juani. Usiupande kwenye udongo, huu hauishi kwenye udongo, unaishi kwenye hayo magome unayoyaona. Na ukianza kutoa maua, umpigie simu. Kikonyo chake hufungiwa kijiti kisije kikavunjika, na kazi hiyo inataka mtu anayeijua. Atakuja kukifunga mwenyewe."

"Atakuja kukifunga."

"Ndivyo alivyosema."

"Kwa hiyo nimpigie kwa ajili ya kijiti."

"Kwa ajili ya kijiti, mzee. Kwani kuna mtu amekutaja wewe?"

Kinyozi aliuzungusha mmea mkononi. Alielewa alichoandaliwa. Hakutakiwa kuomba radhi, wala kusema kwamba aliteleza mbele ya wale watu watatu wa kwenye benchi. Alitakiwa kumpa taarifa ya kazi mtu wa kazi hiyo. Hilo aliliweza.

"Maua ya rangi gani?"

"Hakusema. Amesema utayaona."

Yapo mengine ambayo mkewe hakuyasema, kwa kuwa aliombwa asiyaseme. Walipokuwa wamesimama kwenye geti la shamba, binti alikuwa amekigeuza chungu na kumwonyesha, chini ya jani la pili, kitu cha kijani kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. "Hiki ndicho kikonyo, mama. Usimwambie. Akione mwenyewe." Kisha akamweleza kwamba mwisho wa mwezi angehamishiwa kwenye shamba jipya la kampuni, safari ya siku mbili kwa basi, mkataba wa miaka miwili. Hilo nalo lisimfikie baba. Alitaka apigiwe kwa sababu baba ametaka, si kwa sababu yeye anaondoka.

"Na asipokiona?" mama aliuliza.

Binti alicheka. "Baba? Anaona unywele mmoja uliobaki nyuma ya sikio la mtu. Atashindwaje kukiona hiki?"

Kinyozi aliuweka mmea juu ya kigoda, pale palipokuwa na kiti cha pili, karibu na dirisha lisilopigwa na jua. Wateja walikuwa wakimwita Mzee Mstari, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kutoka kwenye kiti chake akiwa na mstari wa nywele uliopinda. Hakuwa mwepesi, lakini alikuwa safi. Alikagua, akarudi nyuma hatua moja, akakagua tena. Na sasa, kati ya mteja na mteja, alikagua okidi.

Mteja wa kwanza kuitolea neno alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu asiyekuwa na unywele hata mmoja kichwani, aliyekuja kila Jumatano kunyoa ndevu na kusoma gazeti la bure.

"Mzee Mstari, siku hizi unauza mboga?"

"Ni ua hilo."

"Liko wapi?"

"Linakuja."

"Hata nywele zangu zinakuja," mwalimu alisema, akajipapasa kichwa. Benchi zima likacheka.

Kinyozi naye alicheka kidogo, jambo ambalo mkewe alilisikia kutoka nyuma ya pazia na kulitia akilini. Wiki hiyo alimsikia pia akiwaeleza wateja kwamba okidi haiishi kwenye udongo, kwa sauti ya mtu aliyejua hilo tangu zamani. Alimsikia akiuliza kama kuna anayejua maji ya mvua ni bora kuliko ya bomba. Asubuhi moja alimwona, kupitia upenyo wa pazia, akifuta majani kwa ile brashi laini ya kuondolea nywele shingoni, jani moja baada ya jingine, akishikilia kila moja kwa chini kama anavyoshika kidevu cha mtu. Aliikaribia simu yake mara nyingi siku hizo. Aliichukua, akaitazama, akairudisha kwenye droo ya nyembe.

Kilichomsumbua ni mizizi. Ilitoka nje ya chungu bila mpango, mingine imeinama, mingine imesimama hewani, haishiki kitu. Kwa kinyozi, kitu kinachoning'inia namna hiyo ni kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Tena alikuwa na elimu yake, aliyoipata kwa miaka thelathini ya kushika vichwa. Pembeni pakipunguzwa, juu pananawiri. Alikuwa amewaambia hivyo wazazi wengi wenye watoto wa nywele haba, na wengi walirudi kumshukuru. Maua, kwa alivyoyajua, hutokea juu, katikati ya majani. Sasa nguvu zitapandaje juu ikiwa zinaishia huku chini, kwenye mizizi isiyo na kazi?

Jumatano ya pili alichukua mkasi mwembamba, ule wa masharubu. Aliupangusa kwa spiriti. Akapiga magoti kando ya kigoda, akakata mmoja baada ya mwingine, saba kwa jumla, kila mmoja sawa na ukingo wa chungu. Chini ya jani la pili kulikuwa na kingine kifupi, kibichi kuliko vingine, kimeinua kichwa pembeni badala ya kuteremka kama wenzake. Alikiona vizuri kabisa. Alikitazama hata kuzidi ile mingine, kwa sababu ndicho kilichoharibu mstari. Akakikata shinani, akapitisha pamba yenye spiriti kwenye jeraha kama ambavyo angefanya kwa mteja.

"Sasa amependeza," alisema mwalimu kutoka kwenye benchi, bila kuinua macho gazetini.

"Sasa nguvu itakwenda juu," kinyozi alisema. Akafagia vipande pamoja na nywele za asubuhi.

Mkewe aliingia dukani baada ya chakula cha mchana kuchukua kikombe. Kinyozi alikuwa akinoa wembe na kuimba kwa sauti ya chini, wimbo usio na maneno.

"Umeikata," mkewe alisema.

"Nimeisafisha."

Alisogea, akainua jani la pili kwa kidole. Palikuwa na alama ndogo nyeupe, imekatwa sawasawa, kama kila kitu alichowahi kukata mume wake. Kama angeuliza neno moja tu wakati ule, hadithi hii isingekuwapo. Lakini alikuwa na ahadi ya kutosema, na alikuwa na lile jambo la unywele nyuma ya sikio. Mtu anayeona unywele hawezi kukosa kuona kikonyo. Amekiona, alijiambia. Amekiona, amekielewa, na hili ndilo jibu lake. Na anaimba.

Alirudi nyuma ya pazia, akakaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Kinyozi, ambaye hakuutambua ukimya wa cherehani, aliendelea kunoa.

Mkewe alipotoka kununua nyuzi alisimama kando ya ukuta wa duka la vitambaa, akampigia mwanawe.

"Usimngoje, mwanangu."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Amekikata."

Huko upande wa pili kulikuwa na mngurumo wa lori linalorudi nyuma. Binti alingoja lipite.

"Kimevunjika, au amekikata?"

"Amekikata. Kwa mkasi."

"Basi sawa, mama," binti alisema, na baada ya hapo akauliza habari za mgongo wa mama yake, na kama ile nguo ya bibi harusi imekwisha.

Mwisho wa mwezi ulipita. Kinyozi hakujua kwamba umepita na mtu. Aliona tu kwamba mkewe amekuwa mtu wa majibu mafupi, akadhani ni mgongo. Katikati ya majani manne hakukutokea kitu. Wiki ya tano jani la chini lilianza kulegea, na yale mengine yakaingia mikunjo myembamba kama shingo ya mzee. Aliongeza maji. Mikunjo ikazidi.

Siku ya Jumatatu, ambayo hufungua duka baada ya saa sita, alivaa shati lake la kutokea, akautia mmea kwenye ule ule mfuko wa karatasi na kwenda nao kwenye duka la maua lililo karibu na benki. Mlinzi alimuuliza analeta nini. Akamwonyesha. Mlinzi akamwambia asubiri pembeni, kwa kuwa kuna wateja ndani. Alisubiri, mfuko kifuani, watu wakitoka na mashada na kumpisha kana kwamba yeye ndiye mbebaji wa mizigo.

Muuzaji alikuwa msichana wa umri wa binti yake. "Baba, hapa tunauza tu. Hatutibu."

"Sitaki utibu. Nataka kujua kwa nini haitoi maua."

Msichana aliichukua kwa shingo upande, akaitazama chini, na uso wake ukabadilika. "Nani ameikata hivi?"

"Kulikuwa na mizizi mingi."

"Baba, hii mizizi ndiyo mdomo wake. Inakunywa hewani. Umemfunga mtu mdomo halafu unamwongezea maji." Alisema bila ukali, akaivuta okidi nyingine iliyokuwa mezani, yenye maua meupe yaliyopangana kwenye kikonyo kirefu kilichofungwa kijiti. "Tazama. Maua hayatoki juu. Yanatoka huku, chini ya jani. Kikianza kinafanana na mzizi, wengi hukosea. Tofauti yake, mzizi huteremka na ncha yake ni ya mviringo. Hiki huinua kichwa, na ncha imebonyea, kama kidole kitupu cha glavu."

Alikigeuza chungu cha kinyozi. Alipofika chini ya jani la pili, aligusa alama ya mkasi kwa kidole.

"Kilikuwapo," alisema.

"Kilikuwapo," kinyozi alisema.

Alisimama akiitazama ile nyeupe. Ilikuwa na karatasi ya bei, na bei ilikuwa malipo ya vichwa vyote vya Jumatatu hadi Jumamosi, bila kula. Alifikiri juu yake kwa makini, kama alivyofikiri juu ya kila kitu.

"Hii ikitolewa kwenye chungu chake, ikatiwa kwenye hiki changu," aliuliza polepole, "mtu atajua?"

"Mtu gani?"

"Mtu anayezijua."

"Yako ilikuwa ya rangi gani?"

Kinyozi aliyatazama majani yake manne. "Sijui," alisema.

"Basi atajua, baba."

Alimkuta mkewe akitia vifungo kwenye shati la mtu. Hakuwa amezoea kupita nyuma ya pazia wakati wa kazi, kwa hiyo mkewe aliinua kichwa mara moja. Kinyozi aliweka mfuko mezani, katikati ya mabaki ya vitambaa.

"Kile kifupi," alisema. "Cha chini ya jani la pili. Kilikuwa ndicho kikonyo."

Mkewe alimtazama. Sindano ilikuwa imesimama hewani.

"Hukujua?"

"Ningejuaje? Nilidhani ni mzizi. Nilingoja ua juu, mimi. Kila siku nilikuwa nikitazama juu."

"Wewe unaona hata..." mkewe alianza, akaweka shati chini. "Nilidhani umefanya makusudi."

"Makusudi ya nini?"

"Kumjibu."

Kinyozi alivuta kiti cha plastiki, akakaa. "Na yeye anadhani hivyo?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba umekikata kwa mkasi." Alimweleza na mengine yote, geti la shamba, kidole chini ya jani, mwisho wa mwezi, basi la siku mbili, miaka miwili. Alieleza bila kujitetea, akiyatoa moja moja kama anayefumua mshono. "Alinikataza nisikuambie. Nikashika neno lake. Ningekuuliza hata mara moja tu, mume wangu. Hata mara moja."

"Na mimi ningeuliza," kinyozi alisema. "Kabla ya kukata. Ulikuwa hapo nyuma ya pazia."

Dukani mtu aligonga mlango, akaita "Mzee Mstari," akangoja, akaenda zake.

Kinyozi alipiga mwenyewe, kwa simu yake, kabla mchana haujaisha, akiwa amesimama mbele ya kioo kwa kuwa hapo ndipo alipozoea kuzungumza na watu. Simu iliita mara nyingi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alikuwa ameandaa sentensi nzima, lakini ilitoka kipande. "Sikukijua."

"Nini?"

"Kile kikonyo. Nilidhani ni mzizi. Nilikikata pamoja na ile mingine saba."

Nyuma ya binti kulisikika mashine ikivuma.

"Saba?" binti alisema. Ilikuwa sauti ya mtu wa kazi yake. "Mizizi saba, baba?"

"Nilitaka nguvu ipande juu."

"Kama nywele."

"Kama nywele."

Kwa muda mfupi ilikaribia kuwa kicheko. Haikufika.

"Mama alisema..." binti alianza.

"Najua alilosema. Hakujua. Hakuna aliyejua kitu humu ndani." Aliegemea kioo kwa mkono. Alikuwa akiyatazama yale mashimo manne. "Na kile kiti."

"Kiti gani?"

"Cha pili. Nilikiuza."

"Mama aliniambia."

"Nilikiuza bei ya kutupa," kinyozi alisema. Alikuwa ametaka kusema jambo jingine, na alijua, na binti naye alijua, lakini hilo ndilo lililotoka.

"Baba, niko kazini. Nitakupigia."

"Kitatoka tena?"

"Isipokufa. Labda mwakani. Punguza maji, itoe mizizi kwanza."

"Utakuja kukifunga?"

Mashine ilivuma. "Mwaka wa kwanza hatupewi ruhusa huku, baba. Hata ningekuwa nataka. Nilipokuwa kule karibu ndiyo ingekuwa rahisi." Akasita. "Nitakuelekeza kwa simu. Kufunga si kugumu."

"Mama yako alisema inataka mtu anayejua."

"Nilisema hivyo," binti alisema, "ili nije."

Jani la chini lilianguka, kisha na la pili. Kinyozi alipunguza maji, akaisogeza okidi mbali na mlango, akaacha kuifuta kwa brashi. Ilibaki na majani mawili, na kila mteja alikuwa na ushauri. Jumatano, saa ya mapumziko ya chakula huko shambani, binti alipiga simu, na baba yake alimpa hali ya mmea kama anayesoma ripoti. Hawakuzungumza mengi nje ya hayo. Alipouliza siku moja maua yangekuwa ya rangi gani, binti alisema, "Sisemi," na kinyozi hakuuliza tena.

Mwezi wa nne tangu ile simu ya kwanza, alikuwa na mwalimu kwenye kiti, nusu ya uso imeshanyolewa na nusu ina povu, alipoona kitu. Aliweka wembe chini, akapiga magoti juu ya yale mashimo, simu sikioni.

"Kuna kitu kimechomoza. Chini ya jani la juu."

"Cha rangi gani?"

"Kijani. Kichanga."

"Ncha yake ikoje, ya mviringo au imebonyea?"

Alivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa shati, akaivaa. Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa imesimama.

"Mviringo."

"Kinaelekea wapi, baba? Tazama vizuri. Usiharakishe."

Alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukitazama kichwa cha mtu yeyote, akitumaini kwamba macho yake yamekosea.

"Chini," alisema.

"Basi ni mzizi."

"Ni mzizi."

"Ni vizuri. Imeanza kunywa." Halafu, kwa sauti ndogo zaidi, "Usikate."

"Sikati, mama."

Hakuna aliyekata simu. Kinyozi alibaki amepiga magoti, akisikiliza mashine za mahali asipopajua, na mwalimu akaendelea kungoja bila kusema neno, povu likimkaukia shavuni.